Mizani

Jumamosi, ukumbi wa parokia, Kadutu.
Mvua inapiga mabati hadi mwalimu Nsimire
anakatiza somo, anakunywa chai, anaingoja ichoke.
Mezani: nyuzi tulizofumua kwenye magunia,
vipande vya vikwembe, maganda makavu ya mgomba,
sindano tatu kwa watu kumi na wanne.

"Kila mtu kitu cha mkono wake," alikuwa amesema,
"na ubeti wa mama yake.
Mstari mmoja, mizani kumi na sita,
nane na nane. Msizidishe."

Mizani.
Neno hilo nililijua bandarini kabla sijajua kusoma:
chuma chenye kutu, kimening'inia mbele ya depo,
karani akiita sabini,
na mama akiinama kupokea sabini mgongoni,
kamba ikikaa palepale kwenye paji,
kwenye kamfereji nilikodhani
kila mama huzaliwa nako.
Siku nilipomwona mama yake Bisimwa, paji laini,
nilimwonea huruma.

Cibalonza anasuka kikapu, anahesabu kwa midomo.
Mzee Bahizire anashona kifungo kimoja kwenye kitambaa cheupe,
anakifumua, anakishona tena.
Hasemi kwa nini. Hatumuulizi.
Ntakwinja, aliyelelewa Panzi na shangazi yake,
anainua kalamu: "Mwalimu, shangazi ana silabi ngapi?"
"Tatu. Mama ana mbili.
Wewe umezidishiwa moja."

Mimi nasuka kamba.
Pana, ya nyuzi za gunia,
na pale panapogusa paji nimeweka kikwembe kukunjwa mara nne.
Miaka ishirini nimechelewa na huo mto.
Kisha ubeti. Niliuhesabu kwa vidole, nikaona umekaa:

*Ulipanda kilimani, miguu haikuchoka,
na unga wa mgongoni, kamba haikukatika.*

Saa kumi na moja mvua ikanyamaza, mama zetu wakaingia,
matope hadi vifundoni.
M'Birindwa, mama yangu, hakuketi.
Alichukua kamba, akaivuta, akacheka:
"Fundo hili ni la mtu wa ofisini."
Akalifungua kwa meno,
akalifunga upya, polepole,
na darasa zima tukasimama kumzunguka,
Nsimire mbele, miwani mkononi.

"Sasa soma."
Nikasoma.

Alinyamaza kama anayehesabu chenji.
"Unga? Ile ilikuwa chumvi.
Unga una huruma. Chumvi ikilowa
inashuka mgongoni, inatafuta mahali palipochubuka."
Nikafuta unga, nikaandika chumvi.
Mizani haikutikisika.

"Na miguu ilichoka. Kila siku ilichoka.
Na kamba ilikatika.
Mlima wa Nyawera, gunia likaviringika hadi kwenye mtaro,
karani akanikata mshahara wa siku nne.
Wewe ulikuwa tumboni,
ulinipiga teke."

Ukumbi mzima kimya, isipokuwa matone
kwenye ndoo ya pembeni.
Nikaandika *ilichoka*. Nikaandika *ilikatika*.
Nikahesabu kwa vidole, nikarudia.
Mistari yote miwili imepungua,
silabi moja moja.

"Hilo sasa ni guni," akasema Nsimire.
"Shairi lililokosa mizani."
"Guni," mama akarudia, "guni, gunia,
si ni mtu na mdogo wake?"
Mzee Bahizire akacheka hadi sindano ikamchoma kidole.

"Nilisahihishe?" nikamuuliza mwalimu.
Alikuwa bado anaangalia lile fundo.
"Acha," akasema. "Acha lipungue."

Mama hakuiweka kamba kichwani.
Aliitia mkobani pamoja na sambaza za jioni,
akashuka mtaani akipiga gumzo na shangazi wa Ntakwinja
kuhusu bei ya makala.

Leo inafunga mlango wa kizimba cha simbilisi,
kikwembe kimetazama ndani, wanakitafuna.
Fundo ni lake.
Nimejaribu mara tatu kulifungua.